Barua Niliyoipokea kwa Mikono Miwili

Mara ya kwanza nilipoandika habari hii niliiandika kama mtu anayejisifu. Niliandika jinsi karatasi mbaya ilivyoletwa nyumbani kwangu na mtoto wa jirani, nikaimaliza kwa adabu bila kumkosea mtu. Nikasoma nilichoandika, nikaona nimeruka mambo. Nikachana. Sasa naandika upya na nitajaribu kutoruka, ingawa sina hakika kama naweza. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na kumbukumbu yangu ina tabia ya kunipendelea.

Tunaishi Unyambwa, upande ule ambao nyumba za mji zinaanza kuachana, mashamba yanachukua nafasi. Kati ya nyumba yangu na nyumba ya bibi jirani kuna shamba moja la alizeti, nusu yangu, nusu yake. Mume wangu huwa Rungwa miezi mingi, ana mizinga yake huko porini, na simu yake haipati mtandao mpaka apande kilima. Hapa nyumbani tunabaki mimi na binti yangu, ambaye yuko darasa la tano. Bibi naye anaishi na mjukuu wake, msichana wa darasa hilohilo. Mama wa yule mtoto, ambaye alikuwa binti wa bibi, alifariki mwaka juzi. Watoto hawa wawili wameshikana tangu wanatambaa. Ukimwita mmoja wanaitika wote.

Ilikuwa mwezi wa saba, ule upepo wa baridi umeshaanza. Alizeti tulikuwa tumeshapiga, mabua yamebaki shambani. Niliona binti yangu anasugua sufuria ileile kwa muda mrefu, sufuria yenyewe haikuwa chafu kiasi hicho. Akaniuliza baba atapiga simu lini. Nikamwambia si alipiga juzi. Baada ya muda akauliza tena, kama kule porini kuna tembo wengi au wachache. Alipouliza mara ya tatu niliacha kupepeta nikamwambia anieleze kitu gani kinamsumbua. Akaenda kwenye mkoba wake wa shule akanitolea karatasi.

Ilikuwa karatasi ya vyumba vyumba, imechanwa kwenye daftari la hesabu, imeandikwa kwa penseli. Ilianza kwa jina la Mungu, bila kusema ni Mungu wa msikitini au wa kanisani. Ilisema barua hii imezunguka nchi nyingi. Ilisema kila anayeipata aandike nyingine tisa, awape watu tisa anaowapenda, ndani ya siku tisa. Mama mmoja aliandika akapata nyumba ya bati. Dereva mmoja aliichana akapoteza mtoto. Atakayeikata, msiba utaingia nyumbani kwake. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: SIYO UTANI.

Nilicheka, na sikujilazimisha, maana hata sisi tukiwa shule karatasi za namna hii zilikuwepo. Kisha nikamwona binti yangu ananitazama midomo ajue nacheka mpaka lini, nikafikiri Rungwa ilivyo mbali, na kicheko kikaisha chenyewe.

Nilimuuliza nani kampa. Akasema ni yule mwenzake. Akasema aliambiwa asimwambie mtu. Halafu akaongeza, kama anayemtetea, kwamba hakupewa kwa ubaya.

Hasira ilinipanda, sitaficha. Nilitaka kuvuka shamba saa ileile. Nilifika mpaka kwenye mabua nikarudi, na sababu zilizonirudisha nitazieleza kwa sababu ndizo ninazozionea fahari mpaka leo, hata kama mengine yameniponyoka.

Bibi yule ndiye aliyenikanda nilipojifungua. Mimi ni Mnyiramba niliyeolewa huku, mama yangu alikuwa mbali, na huyu mama ambaye hatukuwa na undugu alinichemshia maji siku arobaini. Kinyaturu changu mpaka leo kina mapengo, naye hunivumilia. Ningemwendea vipi na kumwambia mjukuu wako ametuletea kifo kwenye karatasi? Angempiga mtoto, au angeona aibu asikanyage tena kwangu. Halafu kuna lingine. Bibi ni mzee. Macho yake ni mekundu, kama ya kila mwanamke aliyepika kwa kuni maisha yake yote. Hana mwanaume nyumbani, amezika mume, amezika watoto. Mtu wa huku anajua maneno gani huanza kuizunguka nyumba ya namna hiyo. Ningemwambia jirani mmoja tu kwamba nyumbani kwa bibi kumetoka karatasi inayotaja msiba, karatasi ingesahaulika, yale maneno mengine yangebaki.

Basi nikaona jambo hili niongee na mtoto mwenyewe, taratibu, bila mtu mzima mwingine kujua.

Alikuja kesho yake jioni, Alhamisi, katumwa chumvi. Nilimkaribisha jikoni. Nikamwambia binti yangu aniletee ile karatasi. Mtoto alipoiona akainamisha kichwa, nikaona shingo yake ilivyo nyembamba. Nikamwambia hajakosa kitu. Nikamweleza kwamba mizigo ya nyumba hupokelewa na mtu mzima, siyo na mtoto, na kwa hiyo barua ile naipokea mimi. Imefika kwangu, na kwangu ndiyo mwisho wake. Yeye haimhusu tena, na mwenzake haimhusu.

Nikaona nifanye kitu akione kwa macho. Nikampa ile karatasi, nikamwambia anikabidhi yeye mwenyewe. Nikainama kidogo, nikapiga goti nusu, nikaipokea kwa mikono miwili kama ninavyopokea kitu kilichotumwa na mkubwa wangu. Sijui nani alinifundisha kufanya hivyo. Nilidhani ni heshima, na kwamba mtoto akiheshimiwa hofu itamtoka.

Alinitazama usoni moja kwa moja, jambo ambalo watoto wetu hawafanyi.

"Kwa hiyo ni yako, mama?"

"Ni yangu."

Akachukua chumvi akaondoka. Binti yangu usiku ule alikula mara mbili. Mimi nikaiweka karatasi kwenye sanduku la bati, pamoja na kadi za kliniki na karatasi za kiwanja. Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikuitia motoni, na moto ulikuwa unawaka hapo miguuni. Nilijiambia ni kwa kumheshimu mtoto aliyeiandika. Ukweli ni kwamba niliogopa. Siyo sana. Niliogopa kiasi cha kutotaka mkono utakaoichoma uwe wangu.

Asubuhi ya Ijumaa nikasikia hodi mlangoni, bado kuna ukungu. Ni yule mtoto, kavaa sare, anatetemeka kwa baridi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo?"

Akasema hajambo, akageuka akaenda. Hata mwenzake hakumngoja. Siku zote alikuwa anaita kutokea barabarani, anapiga mluzi mpaka bibi anamgombeza kwamba msichana hapigi mluzi. Sasa amevuka shamba mpaka mlangoni kunisalimia. Nikafurahi, nikasema moyoni kwamba mtoto ukimtendea kama mtu anakuwa mtu.

Jumamosi akaja, na hakuna shule. Jumapili akaja kabla hatujaenda kanisani, wao ni Waislamu, hana shughuli yoyote barabarani saa ile. Siku hiyo nilikuwa nyuma ya nyumba, nikachelewa kuitika, akarudia salamu mara tatu, kila mara sauti inapanda. Nilipotokea na kuitika alishusha pumzi mabega yakashuka.

Jumatatu, alipokwisha kuondoka, nikamwambia binti yangu kwamba mwenzake siku hizi ana adabu, naye angeiga. Alikuwa anajipaka mafuta miguu.

"Siyo adabu," akasema. "Anakuja kuangalia kama upo."

"Nipo wapi?"

"Kama upo, mama. Kama hujafa. Jana umechelewa kuitika, kidogo alie."

Niliketi. Nikamwambia anieleze yote, na akaeleza huku anafunga viatu, kama mtu anayeeleza kitu ambacho kila mtu anajua. Mwenzake aliwahi kupata barua kama ile wakiwa darasa la tatu, wiki ya kufunga shule. Ilitoka kwa wakubwa wa darasa la saba. Yeye hakuwa na karatasi za kuandika tisa, na kusema kweli aliona ni ujinga, akawashia moto wa kupikia uji. Mwezi uliofuata mama yake akafa. Hajawahi kumwambia bibi. Alimwambia binti yangu tu. Kwa hiyo safari hii ilipomfikia nyingine hakutaka kuikata, akaanza kuiandika, na ya kwanza akampa binti yangu.

"Kwa nini wewe?"

"Si imesema watu unaowapenda."

Na mimi nikaja, mtu mzima, nikapiga goti nusu nikamwambia mwisho ni kwangu.

Siku ile nilimngoja yule mtoto atoke shule. Nikamkalisha, nikaongea sana kuliko kawaida yangu. Nikamwambia karatasi haiui mtu. Nikamwambia zile hadithi za dereva na nyumba ya bati zimetungwa na watu wasio na kazi. Kila nilichosema alijibu ndiyo mama. Nikamuuliza ameelewa? Ameelewa mama. Basi kesho asijisumbue kuja asubuhi na baridi hii? Sawa mama.

Jumanne, saa kumi na mbili na robo: "Shikamoo mama."

Tumewafundisha watoto wetu wasibishane na mtu mzima, na mimi nilikuwa mkali kwenye hilo. Siku ile ningetoa kuku mtetea ili yule mtoto anibishie neno moja, nijue pa kushika. Lakini hakuna. Ni ndiyo mama, macho chini, na mlango wa ndani umefungwa.

Na hapa niandike jambo jingine ambalo nilipoandika mara ya kwanza nililiruka. Na mimi nilianza kuhesabu. Sikukaa nikasema sasa nahesabu. Nilijikuta tu, Jumatano jioni, kichwa kinaniuma, nimesema peke yangu: sita. Nikakasirika. Nikafungua sanduku nikaiangalia karatasi, nikalifunga. Nikawaza hata kuandika zile tisa haraka haraka na kuzichoma zote, ili niwe nimeandika na pia nimechoma. Mtu mzima anawaza hivyo. Kwa hiyo simcheki mtoto yeyote.

Alhamisi alfajiri homa ilinishika kweli. Meno yanagongana, mgongo kama umepigwa. Binti yangu alikwenda kumwita kijana wa bodaboda, tukapanda wote, yeye kanishika nyuma nisianguke. Tulifunga mlango kwa kufuli tukaenda zahanati hata jua halijatoka. Wakanipima, malaria. Wakanipa vidonge, wakanilaza benchi kidogo, na binti yangu nikamwambia aende shule kutokea palepale. Katika yote hayo sikumkumbuka yule mtoto hata mara moja. Niliumwa, ni kweli. Lakini mlango wenye kufuli niliufunga mwenyewe na niliiona kufuli.

Nilirudi kwenye saa tano. Ndiyo kwanza nimekaa kwenye kigoda nje, nikamwona bibi anavuka shamba na fimbo yake, haraka kuliko anavyotembea siku zote. Hata sikumaliza kumwamkia. Akaniuliza kama mjukuu wake yuko kwangu. Nikasema yuko shule. Akasema shule hayupo, mwenzao mmoja kapita na kusema hakuonekana. Asubuhi alitoka kama kawaida, akarudi mbio, akachukua kalamu, akatoka tena. Bibi alimuuliza umesahau nini, hakujibu. Na yule siyo mtoto wa kutojibu.

Nilimwambia bibi aketi, nitamtafuta. Sijui kwa nini sikumwambia chochote. Nilisema tu watoto hawaendi mbali.

Hakwenda mbali. Katikati ya shamba tulikuwa tumelundika mabua ya alizeti kwa ajili ya kuni, lundo refu kupita mtu. Alikuwa upande wa pili, upepo usimfikie, kakalia kandambili zake, daftari la sayansi liko magotini. Pembeni yake kulikuwa na karatasi zilizochanwa, kaziwekea jiwe juu. Aliinua uso akaniona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akainama akaendelea kuandika.

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Nikamwambia aache. Akasema zimebaki mbili tu. Nikamwambia nilikwenda zahanati, ndiyo maana hakuniona.

"Zimebaki mbili, mama. Halafu utapona."

"Nitapona kwa dawa. Nina malaria. Wamenipima wameiona."

Kalamu ikasimama. Nikaona anapigana na kitu, anataka kusema na adabu inamkataza. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Hata mama walisema ni figo."

Lile ndilo neno nililokuwa nalitafuta tangu Jumatatu, lile la kunibishia. Ningemwambia figo ni figo na karatasi ni karatasi, lakini hilo nilishamwambia kwa maneno mengine, akajibu ndiyo mama. Upepo ulikuwa unapiga mabua. Nikamuuliza, ile barua ya darasa la tatu, ana hakika ilikuja wiki ya kufunga shule? Akasema ana hakika, walikuwa wameshapewa ripoti. Mwezi wa sita.

Ndipo nikakumbuka kwamba mimi huwa naandika. Siyo kila siku, na siyo mambo ya maana: mvua imenyesha, kuku kaangua, nimegombana na fulani. Nina madaftari kama manane. Niliwaza kama mama yake alianza kuumwa kabla ya mwezi wa sita na mimi niliandika, basi hilo siyo neno la mtu mzima la kumtuliza mtoto. Ni maandishi ya zamani, yameandikwa wakati hakuna barua, na mtoto huyu anaamini kilichoandikwa.

Tukaenda kwangu pamoja, yeye kabeba mkoba na zile karatasi zake saba. Nilimwambia bibi kwamba nimempata, ana maumivu ya tumbo, atapumzika kwangu kidogo. Ulikuwa uongo. Bibi akamshika paji la uso, akaniangalia, akarudi kwake.

Daftari la mwaka juzi nililipata. Nikafunua mwezi wa tatu, wakati wa kulinda uwele, na nilikuta ninachokitafuta. Furaha niliyoipata ilikuwa kubwa mpaka nikampa daftari mkononi, nikamwambia soma mwenyewe, kwa sauti. Ningesoma kwanza. Sikusoma.

Mwandiko wangu ni mbaya, akawa anasimama kila baada ya maneno machache. "Leo nimerudisha ungo kwa bibi. Mama mtoto miguu imevimba. Kanionyesha, akibonyeza shimo linabaki. Anasema ni kusimama shambani. Nimemwambia anywe maji apumzike. Ndege wananimalizia uwele."

Akarudia kusoma kimya. Akaniuliza huu ni mwezi wa ngapi. Nikamwonyesha pale juu. Akahesabu kwa vidole mpaka wa sita.

"Kwa hiyo alikuwa anaumwa kabla."

"Alikuwa anaumwa kabla. Miezi mitatu kabla. Barua yako haikuwepo."

Hakulia. Aliweka kiganja juu ya ule ukurasa kama anayeuzuia usifunuke. Nilidhani tumemaliza. Kisha akafunua mbele. Ningeweza kumwambia basi inatosha, nipe daftari, na angenipa, asingebisha. Nilifikiria kufanya hivyo. Lakini nilikuwa nimemwambia asome mwenyewe, na kama ukurasa mmoja ni wa kweli, huwezi kumnyang'anya mtu ukurasa unaofuata.

Akasoma: "Nilitaka kwenda kumwona mama mtoto. Sikwenda. Kesho."

Akafunua tena, akapita mambo ya kuku na ya mvua. "Nimemwona mama mtoto kwa mbali. Anatembea polepole, uso umejaa. Nimempungia mkono. Alizeti imeanza kukauka."

Baada ya hapo hakuna kitu mpaka mwezi wa sita: shule zimefungwa, mama mtoto kalazwa.

Yale ya katikati nilikuwa nimeyasahau. Nasema kweli, nilikuwa nimeyasahau kabisa, na kama mtu angeniuliza kabla ya siku ile ningesema nilikwenda kumwona mara nyingi. Naona hata sura yangu nikienda. Lakini nilichoandika ni sikwenda.

Mtoto alikaa na daftari magotini. Akauliza, kwa ile sauti yake ya shikamoo, kama shimo lilibaki mguuni kweli.

"Lilibaki."

"Ulimwambia bibi?"

"Hapana."

"Ulijua ni figo?"

Nikamwambia sikujua ni figo. Nilijua siyo kusimama. Hiyo ndiyo haki niliyoweza kuitenda, kumgawia vile vitu viwili jinsi vilivyokuwa, kimoja kinanitetea na kingine hakinitetei. Akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili. Zile karatasi zake saba akaziacha juu ya kigoda. Akasema anakwenda kwa bibi.

Ijumaa asubuhi sikusikia hodi. Nilikuwa nimeamka mapema, nimekaa karibu na mlango, homa imeshuka. Nikasikia mluzi kutokea barabarani, binti yangu akatoka mbio na mkate mdomoni. Siku ya tisa ikapita. Mume wangu alipiga simu Jumapili akiwa kilimani, anauliza alizeti tumepata magunia mangapi. Binti yangu aliongea naye mpaka chaji ikaisha. Kwa nyumba yangu mambo yalikuwa yamekwisha, na ningeishia hapa kama nilivyoishia mara ya kwanza.

Lakini wiki ile bibi alipita kwangu akaniuliza nilimpa mjukuu wake dawa gani, maana anakula, na usiku haongei tena akiwa amelala. Nikasema ni kupumzika tu. Akanishukuru. Nikajua kwamba mtoto hakumwambia chochote. Alikuwa anajua kitu juu yangu ambacho bibi yake hakijui, na alikuwa amekaa nacho, vilevile kama alivyokaa miaka miwili na ile barua aliyowashia moto. Nilikuwa nimemtua mzigo mmoja nikamtwisha mwingine, na huu una jina langu.

Nilikwenda siku ya pili yake. Bibi alikuwa nje anachagua mawe kwenye uwele, ungo uko mapajani. Mtoto alikuwa anatwanga nyuma yetu. Nikamwamkia, nikaulizwa habari za nyumba, za homa, za Rungwa, nikajibu zote. Kisha nikasema. Nilisema kwa Kiswahili maana Kinyaturu changu kisingefika. Nikasema mwaka juzi, mwezi wa tatu, binti yako alinionyesha miguu yake, nikaona siyo ya kawaida, na sikukuambia, na sikurudi kumwona.

Mchi ukanyamaza.

Bibi hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe. Alisema kitu kwa Kinyaturu, taratibu, sikukishika chote. Kisha akakirudia kwa Kiswahili ili kinifikie.

"Nilikuwa naiona. Kila jioni naikanda kwa maji ya chumvi. Asubuhi inapungua, nasema inapona."

Nilitaka kuongeza neno, nikaona kila neno nililonalo ni la kujitafutia nafuu. Bibi akamwambia mjukuu wake aendelee kutwanga, unga bado. Mtoto hakuendelea. Aliuegemeza mchi kwenye kinu, akaja akachuchumaa mbele ya bibi yake, akamsogezea khanga juu kidogo, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, juu ya kifundo. Akaondoa kidole, akangoja. Bibi alimwacha. Akabonyeza na wa pili, akangoja.

Kisha akageukia kwangu. Nikavua kandambili nikanyoosha mguu.